Postfix kwa imeli za Unguja na Wete: nimekaa nayo miezi minane, naipa nyota nne

Kabla sijaisifu hii programu ya seva, ya kupokea na kusukuma imeli, niseme kwanza nilikotoka, maana ambaye hakuzionja zile wiki tatu zetu hatofahamu kwa nini natoa nyota nne kwa kitu ambacho hakina hata kidirisha cha kubonyeza.

Sie ofisi yetu iko Unguja, Mwanakwerekwe, na wenzetu wa mradi wako Wete, Pemba. Kazi ni mafunzo kwa kina mama wa mwani, kwa hivo kutwa ni ripoti, risiti, mahudhurio na mapicha, vinakwenda na kurudi. Zamani domeni zote mbili (lile jina la baada ya @), yetu na yao, zilikuwa kwenye seva moja ya kampuni moja ya hosting (jina silitaji, tushamalizana). Wenzetu wakaamua kuhama wakaweka seva yao Wete, wakabadilisha rekodi ya MX (ile inayosema imeli za domeni zipelekwe seva gani), wakajaribu kwa Gmail, imeli zikaingia, kila mtu kafurahi. Sie huku tukawa tunawaandikia kama kawaida. Hairudi kitu, hakuna kosa, kimyaa. Wiki ya tatu mkuu wa Wete akanipigia simu, "Sheikh, mmetununia nyie au vipi? Mbona hamjibu?" Nikamwambia mkuu mie nimekujibu mara nne, akasema wallahi sijaona hata moja.

Kumbe ile seva ya zamani bado inajua kwamba domeni ya Wete ni ya kwake. Mtu wa nje akiandika, seva yake inauliza DNS, lile daftari la majina la intaneti, hawa wanakaa wapi, inaambiwa wamehamia kule, inakwenda kule. Lakini sie tulikuwa ndani ya seva ileile, na seva ikiiona domeni imo kwenye orodha yake ya nyumbani haimuulizi mtu, inatia imeli kwenye sanduku la ndani, kazi kwisha. Masanduku yenyewe hayana wenyewe tena! Ni kama mtu kahama nyumba na wewe kila siku unampenyezea barua chini ya mlango. Na ubaya wa kosa hili ni kuwa halionekani kabisa, maana imeli kweli zimefika, ila zimefika kusiko. Nikawaandikia hosting waitoe ile domeni kwenye orodha, siku nne tiketi inafunguliwa tiketi inafungwa, nikasema basi, tutasukuma wenyewe.

Nikachukua Postfix. Ni ya bure, aliiandika Mdachi mmoja, Wietse Venema, alipokuwa IBM, ilitoka 1998, na mie nimeiweka kwenye kikompyuta cha zamani chenye RAM ya giga 4 kilichokuwa kinakula vumbi chini ya meza ya printa, juu yake mfumo wa Debian, pembeni betri na inveta. Haijalemewa hata siku moja. Watu wa ofisi mbili hizi si mzigo kwake.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kuwa njia za washirika unaziandika kwenye faili moja tu, transport. Kushoto domeni, kulia pa kuipeleka. Mstari wangu uko hivi (domeni nimeibadilisha):

wete.example   smtp:[10.8.0.2]:25

Hiyo 10.8.0.2 ni seva ya Wete kupitia njia yetu ya ndani ya WireGuard (programu inayounganisha ofisi mbili kwa njia ya siri juu ya intaneti), yaani imeli zetu na zao hazizunguki nje huko, zinapita kwenye bomba letu wenyewe. Sasa angalia hayo mabano ya mraba, usiyachezee. Mara ya kwanza niliandika domeni yao kavu bila mabano, na Postfix ikiona jina bila mabano inakwenda kuuliza MX kama vile hujaiambia kitu, kwa hivo imeli zikawa zinafika Wete kweli lakini kwa njia ya mjini, zinapita kwenye chujio lao la nje, mie najisifu bomba linafanya kazi kumbe bomba kavu. Mabano maana yake usiulize mtu, nenda hapahapa. Alama mbili tu, zimenila siku nzima.

Kitu cha pili, ukishaandika kwenye transport lazima upige amri ya postmap kwenye lile faili, kwa sababu yenyewe haisomi maandishi yako, inasoma lile la .db linalotengenezwa pembeni. Nilisahau. Lakini hapa nimpe mtu haki yake, kwenye logi iliniambia wazi kuwa .db ni kongwe kuliko faili lenyewe. Programu ngapi zingekuambia hivo? Na ukitaka kuhakikisha kabla hujatuma chochote unapiga postmap -q pamoja na jina la domeni na lile faili, inakujibu itaipeleka wapi. Siku hizi nikigusa faili lile sitoki kwenye kiti mpaka nimeuliza kwanza.

Na kwenye mydestination, yaani ile orodha ya nyumbani, nimetia domeni yetu tu. Nimeiangalia mara sita. Mtu akishaumwa na nyoka.

Sasa ikaja habari ya umeme. Umeme wa Pemba tokea 2010 unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, mambo si kama ya zamani, lakini ukikatika Wete seva yao ina dakika zake tu kwenye UPS halafu inalala. Tukakubaliana sie tuwe wa akiba, kwenye DNS yao tumewekwa MX ya pili, wao wakilala imeli za dunia nzima zinakuja kwetu zinangoja. Kwenye Postfix hii ni kutia domeni yao kwenye relay_domains (orodha ya domeni unazozipokelea wenzako), pamoja na orodha ya majina yao yote, na orodha hii usiivivie, maana bila hiyo unapokea takataka za kila jina la uongo halafu Wete inazikataa na wewe unabaki nazo mkononi unahangaika kuzirudisha kwa watu ambao hawakuzituma.

Kuna jioni moja Wete ilizima toka alasiri. Nikapiga postqueue -p nikaona imeli 31 zimejipanga, kila moja na sababu yake chini yake, muunganisho umegoma, muunganisho umegoma. Baada ya Isha mkuu akatuma ujumbe, "umerudi". Postfix yenyewe ingejaribu tena bila kuambiwa, inaanza na dakika tano halafu inarefusha mpaka kama saa moja na dakika saba, lakini mie sina subira hiyo, nikapiga postqueue -f, foleni ikaisha hata chai haijapoa. Hapa ndipo nilipoipenda.

Lakini hapahapa pana nyota niliyoizuia. Ukiiacha ilivyokuja, imeli ikikwama inakaa kwenye foleni siku tano ndio inamrudia mwenyewe, na katikati hapo haimwambii aliyetuma hata neno. Dada yetu wa uhasibu alituma bajeti Jumatatu, bomba la WireGuard lilikuwa limekatika na mie nilikuwa sipo, nimekwenda shamba kwa msiba, yeye anajua bajeti imefika, Wete wanajua Unguja hawajatuma, Jumatano watu wanarushiana maneno kwenye simu. Dawa iko, ni delay_warning_time, ukiitia 4h, yaani masaa manne, inampelekea mtu taarifa kuwa yako bado iko njiani. Kwa nini hii inakuja imezimwa sijui, mie ningeiwasha toka kiwandani.

Kisa cha danadana sasa. Mradi una domeni yake ya tatu, majina nusu yako kwetu nusu Wete. Tukapatana kiungwana, jina usilolijua mpelekee mwenzako. Sauti nzuri, sivyo? Mjerumani mmoja wa wafadhili akaandika jina na herufi moja imepungua. Seva yetu haimjui, ikampeleka Wete, Wete haimjui, ikamrudisha, na sie tukampeleka tena. Kila seva inayoishika imeli inagonga muhuri wake juu, ule mstari wa Received, na Postfix ikihesabu mihuri ikapita 50 inasema basi inairudisha kwa mwenyewe. Niliifungua ile imeli, mihuri hiyo unaisoma kutoka chini kwenda juu, 10.8.0.1 (sie), 10.8.0.2 (wao), 10.8.0.1, 10.8.0.2, ukurasa mzima, na saa zote ndani ya sekunde kama kumi. Nilicheka peke yangu. Nikamtumia mwenzangu wa Wete akasema yakhe huyu Mjerumani kasafiri kuliko boti. Sasa orodha kamili ya mradi iko kwetu tu, Wete ikipata kitu cha mradi inatuletea sie, na asiyekuwemo anapigwa 550 (namba ya kukataliwa) mlangoni, haingii hata ukumbini.

Ukubwa wa imeli nao uangalie mapema. Inakuja na kikomo cha baiti 10,240,000, mtu anasema picha zangu ni mega 8 mbona zimekataliwa, lakini faili likitiwa kwenye imeli linavimba zaidi ya thuluthi kwa vile linageuzwa maandishi, kwa hivo mega 8 zako zinafika karibu 11. Tia kiasi kimoja pande zote mbili, si wewe 30 na mwenzako 10, maana zitatoka kwako kwa fahari zikagonge ukuta kule.

Na mtu akiwa wa akiba kama sie ajue mtihani wa SPF, ile orodha ya kila domeni inayosema seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lake. Imeli ya Ujerumani ikingoja kwetu halafu ikaenda Wete, chujio la Wete linaona imekuja na anwani ya Unguja ilhali aliyeandika ni Mjerumani, linasema huyu tapeli, inatupwa kwenye spamu. Saini ya DKIM, yaani alama ya siri inayotiwa na seva ya mwandishi, ingeiokoa, lakini sie wenyewe tulikuwa tumeweka seva ibandike kijineno chini ya kila imeli inayopita, tunza mazingira usiprinti, na ukigusa mwili wa imeli saini inavunjika. Tumetunza mazingira mpaka barua za watu zikaharibika! Kijineno tumekitoa, na Wete wameiambia seva yao kuwa kinachokuja kutoka kwetu kisipimwe SPF, kishapimwa huku.

Kwa nani basi? Kama una ofisi moja tu na hakuna mshirika wa kuunganishwa naye usijitese, lipia huduma ya watu ulale. Kama huna anwani ya IP ya kudumu, au mtoa intaneti wako kafunga poti 25 (mlango wa imeli za seva kwa seva), au hawezi kukuwekea jina la kinyume kwenye hiyo IP (yaani IP ikiulizwa itaje jina la seva yako), pia bado, Gmail hawatokupokea vizuri, na tokea 2024 wamezidi kukaza. Na maelezo yote ni ya Kizungu, marefu, ingawa yamenyooka, mie nimeyasoma usiku kwa usiku kama mtu anayesomea mtihani wa skuli. Ila kwa ofisi mbili tatu zinazotaka imeli zao zipite njia yao na zijue kila imeli imekwama wapi, kwangu sijaona ya kuishinda, na sijatoa hata shilingi kwa leseni.

Ile akaunti ya hosting ya zamani tulikuwa tushailipia mpaka mwisho wa mwaka. Wiki iliyopita nikaingia humo, nikaandika imeli ya maneno mawili kwenda kwa mkuu Wete, "umeiona hii?" Haikurudi kosa lolote. Nikampigia, akasema hajaona kitu.