Mljet, Kroatia: lala hukohuko

Wengi huja Mljet kwa boti ya kasi kutoka Dubrovnik asubuhi na kurudi jioni, halafu wanasema kisiwa ni kizuri ila kina foleni. Sisi tulipanga chumba Polače, kijiji cha bandari hapo kisiwani, na nyota zangu ni tano.

Kisiwa ni chembamba, urefu wake kama kilomita 37, na misonobari imeshuka mpaka ukingoni mwa maji. Upande wa magharibi ni hifadhi ya taifa tangu 1960. Kiingilio kinauma, hasa kiangazi ukiwa na watoto, lakini hicho hicho kinakupeleka kwa boti hadi kisiwa kidogo kilicho ndani ya ziwa kubwa, yalipo makao ya zamani ya watawa Wabenedikto, ya tangu karne ya 12. Panda boti ya mapema. Kanisa lile la mawe ukiliingia pakiwa kimya utakaa zaidi ya ulivyopanga.

Mahali nilipopapenda kuliko pote ni Mali Most, daraja dogo kati ya maziwa mawili. Maziwa yenyewe ni ya maji ya chumvi, yanaingiliwa na bahari. Mimi nimekulia Tanga, kujaa na kupwa nakujua. Mediterania maji hupanda kidogo tu, lakini pale chini ya daraja njia ni nyembamba na haina kina, kwa hiyo yanapita kwa nguvu. Watoto waliingia upande mmoja, mkondo ukawachukua chini ya daraja, wakaibukia ng'ambo wakipiga kelele za furaha, wakatoka mbio kurudia. Baadaye mkondo ukageuka, nao wakageuka nao. Wasioweza kuogelea wavalishwe maboya, na mtu mzima awe majini.

Njiani nguchiro alitukatiza mbele, mkia chini, akapotelea kichakani. Waliletwa 1910 wawamalize nyoka wenye sumu. Nyoka walipungua kweli, ila nguchiro hawakuishia hapo, wakahamia kwa ndege na kuku wa watu. Viumbe wa kisiwa wana mlango mmoja tu wa kukimbilia, nao ni bahari. Mambo haya yaniuma.

Baiskeli za kukodi zipo, na njia ya kando ya ziwa ni tambarare yenye kivuli. Jueni tu kwamba huwezi kulizunguka ziwa kubwa lote: mlango wa bahari hauna daraja, unarudi ulikotoka. Ukitaka fukwe za mchanga nenda Saplunara, mwisho wa mashariki kabisa, na huko utahitaji gari.

Pale Polače barabara inapita katikati ya kuta za kasri la Kirumi, hakuna uzio wala tiketi. Jioni boti za wageni zikishaondoka, watu wa kijiji hupita hapo na mizigo yao ya dukani, na bandarini unapata meza bila kusubiri. Agiza samaki wa kuchoma, uliza bei ya kilo kwanza.