Altrasaundi ya mapafu ya panya: mashine nzuri, fundi hovyo

Ningependa kuisifu mashine hii, na pengine nitaisifu kabla sijamaliza, lakini kwanza nimseme fundi aliyetumwa na muuzaji kuja kuifunga katika maabara yetu ya wanyama.

Tuliinunua kwa sababu moja tu. Njia ya zamani ya kupima maji mapafuni mwa panya ni kumuua, kuyapima mapafu kwenye mizani yakiwa mabichi, kuyakausha kwenye oveni, kisha kuyapima tena; jibu lake ni la kuaminika, ila panya hayupo tena wa kupimwa kesho. Altrasaundi humwacha hai. Mapafu yaliyojaa hewa huirudisha sauti, na kwenye kioo huonekana mistari ya mlalo inayojirudia chini ya utando wa mapafu. Maji yanapoanza kujikusanya, hushuka mistari ya wima, iitwayo mistari B, hadi ukingo wa chini wa kioo, ikisogea kwa kila pumzi.

Sasa, panya wetu tuliowadunga kwenye mshipa wa mkia asidi ya oleiki, mafuta yanayoyaumiza mapafu hadi yajae maji, walikuwa wakitweta waziwazi, na bado kioo kilionyesha mapafu ya mnyama mzima. Tulinyoa upya, kwa kuwa hewa inayonaswa kwenye manyoya huharibu taswira, tukaongeza jeli, wapi! Nilipompigia fundi simu alinijibu, bila hata salamu, "Dada, hao panya wenu ni wazima. Mashine haidanganyi." Mapafu tuliyoyatoa siku hiyo yalikuwa mazito na yakichuruzika maji.

Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha mashine kwenye mpangilio wa kupendezesha taswira, ule unaotuma mawimbi kwa pembe kadhaa na kuchanganya majibu yake ili kuondoa ukungu. Kwa ini au figo, hilo ni jambo jema. Mistari B, hata hivyo, si kiungo cha mwili bali ni mwangwi, na mpangilio huo huufifiza mwangwi kana kwamba ni uchafu. Tulipouzima, mistari ilijitokeza palepale, mingi kiasi cha kuungana ikawa weupe mtupu, nami nikasahau hasira yangu yote. Kwa panya yuleyule tuliweza kufuata maji yakiongezeka, jambo ambalo oveni haitaliweza kamwe.

Basi mashine ni nzuri. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu, na nilikwisha kuandika nyota nne. Nimezifuta mbili. Wapo panya waliokufa bila sisi kupata kwao kipimo hata kimoja cha kutumika, na fundi huyo, alipokuja hatimaye kukagua, hakuomba radhi: alisema wateja wote huupenda mpangilio ule, akauwasha tena, akauhifadhi kuwa wa kudumu, akaondoka.