Saruji yenye jentamisini au chuma chenye fedha ya nano?

Ili kuzuia maambukizi ya bakteria kwenye mifupa inayovunjwa na risasi na ajali za pikipiki hapa Goma, saruji ya mfupa (plastiki inayoganda ndani ya mfupa) yenye jentamisini, dawa ya kuua bakteria, ina sifa ya kuzoeleka. Hata hivyo hutoa dawa nyingi siku za mwanzo, kisha kiasi kidogo kinachoweza kuwajengea bakteria usugu. Chembe za nano, yaani ndogo mno, za madini ya fedha zinazopakwa juu ya titani, chuma cha kuunganishia mfupa, hutoa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zinazoharibu utando wa bakteria na kuvuruga protini zake kwa pamoja, hivyo usugu hujengeka kwa shida zaidi, ingawa fedha ikizidi huua pia seli zinazojenga mfupa, na hilo linanitia wasiwasi mkubwa. Kwa kidonda kilichokwisha kuoza ningechagua saruji, kwa kuwa daktari huichanganya mezani na kuziba pengo lililobaki baada ya kusafisha, ilhali fedha hupakwa kiwandani.