Dawa ya kuzuia maji kwenye roshani: ipi ununue hela ya korosho ikiingia

Huku Mtwara na Lindi ghorofa nyingi hupanda kwa hela ya korosho. Minada inaanza Oktoba, malipo yanaingia, mafundi wanaitwa, na Desemba mvua inawakuta bado wanapanga marumaru. Kwa hiyo nikipanga dawa hizi kwa daraja, siangalii ipi inasifiwa zaidi dukani. Naangalia ipi inavumilia zege lenye unyevu, maana ndilo utakalokuwa nalo.

Mteremko kwanza. Sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea nje, yaani roshani yenye upana wa mita 1.5 ishuke sentimita 3 toka mlangoni hadi ukingoni. Weka gololi mlangoni. Ikisimama njiani, fundi arudie kabla hujafungua pochi.

Namba moja ni saruji ya mpira ya sehemu mbili: unga mfukoni, na maji meupe kama maziwa kwenye galoni. Vinakorogwa pamoja na kupakwa kwa brashi mikono miwili, yaani mara mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Zege liwe limekomaa, wiki 4 hivi, lakini likiwa na unyevu halina shida. Kwa kawaida hata unalilowesha kidogo kabla ya kupaka. Marumaru unazibandika juu yake moja kwa moja. Soma mfuko, ila nyingi zinataka karibu kilo 3 kwa mita ya mraba. Roshani ya mita 1.5 kwa 4 ni mita 6 za mraba, lakini dawa lazima ipande ukutani sentimita 15 pande zote, kwa hiyo nunua ya mita 8, kilo 24. Ongeza utepe wa wavu wa kona, pale sakafu inapokutana na ukuta. Ufa huanzia hapo, na utepe ndio kitu cha kwanza fundi kukwambia hauhitajiki.

Namba mbili, karatasi ya lami ya kuchoma kwa gasi. Chukua ya milimita 4, zipandane sentimita 10. Kwenye paa bapa kubwa, Julai au Agosti, ningeipa namba moja bila ubishi. Tatizo inataka zege kavu kabisa: maji yakibaki chini, jua la huku linayageuza mvuke na lami inavimba kama andazi. Tena moto wa gasi kando ya fremu ya mninga, kwenye roshani yenye kona nyingi, mimi siutaki.

Namba tatu, rangi ya mpira ya akriliki. Inafaa roshani ya zamani isiyo na marumaru. Haipendi maji yaliyotuama, na baada ya miaka michache utapaka tena.

Unga wa kuchanganya kwenye saruji unakuja mwisho. Unasaidia plasta, lakini zege likipasuka nao unapasuka.

Marumaru zenyewe sizihesabu kabisa. Fundi wa roshani yangu, Shangani, aliniapia marumaru hazipitishi maji. Kweli hazipitishi, viungo vyake ndivyo vinavyopitisha. Mvua ya pili tu, dari ya sebule ikawa na duara la njano kama sahani. Mwaka uliofuata ukatokea mstari wa kahawia, umenyooka kama rula: nondo. Nondo ikishika kutu inavimba na kubandua zege, na kwa upepo huu wa chumvi haichelewi. (Mchanga wa ufukweni nao una chumvi: kwenye zege usiuguse kabisa, hata wakikupa bure.)

Vyuma vya kushikia vifungwe kabla ya dawa, au ubavuni mwa zege. Niliwahi kuona mtu wa kuchomelea akitoboa matundu kumi na mbili kwenye kazi iliyopakwa jana yake.

Dawa ikishakauka, kabla ya marumaru, ziba tundu la maji, jaza sentimita 3 pale mlangoni, piga alama ya penseli ukutani na uache saa 24. Jua litakula kidogo, hilo usiliogope. Kesho yake shuka chini na tochi, umulike dari kona kwa kona, fundi akiwa pembeni yako na hela yake iliyobaki ikiwa bado mfukoni mwako.