Nilivyochimbiwa mtaro wa maji na shimo la maji taka Kigamboni: uzoefu wangu na mkandarasi

Kama unajenga Kigamboni, kazi ya kuchimba usimpe mtu kwa sababu tu bei yake ya mita iko chini. Mimi nimechimbiwa mtaro wa bomba la maji kutoka barabarani, mitaro ya maji machafu kutoka bafuni na jikoni, na shimo lenyewe, kwenye kiwanja ambacho ni mchanga mtupu. Mkandarasi niliyemchukua ni mtu wa hukuhuku. Nimeridhika naye kiasi cha kumpeleka kwa mdogo wangu anayeanza msingi, ingawa yapo mawili hayakunipendeza na nitayasema.

Waliotangulia kuja kuangalia kazi walisimama getini, wakatupa macho, wakataja bei. Huyu alikuja na mtaimbo na kamba. Aliuliza bomba la jirani linapita wapi, kisima kilicho karibu kiko umbali gani, masika maji husimama upande upi, na kama kuna lori litakalopita juu ya mtaro. Mabomba mengi ya mitaani kwetu wakazi wenyewe ndio waliyafukia, hayapo kwenye ramani yoyote. Basi akaomba jirani aitwe aonyeshe kwa mkono, vijana wakafukua taratibu kwa koleo mpaka bomba likaonekana, ndipo wakapigilia vigingi, wakavuta kamba na kumwaga chokaa. Ilichukua asubuhi nzima na hakuna hata mita moja iliyochimbwa. Mimi niliipenda, kwa sababu nimeona mtaa mzima ukikaa bila maji kwa sababu ya sururu moja iliyopigwa kwa haraka.

Bei yake iliwazidi wenzake kwa karibu theluthi. Nilipomuuliza, akafungua daftari: ndani yake mlikuwa na kuchimba, kutandika mchanga usio na mawe chini ya bomba, kufukia na kushindilia. Wale wengine walitaja kuchimba tu, tena bila kusema kina. Sisi tuliandikiana sentimita 60 kwa bomba la maji, na sentimita 90 pale gari linapoingia uani. Cheti chake cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, alinionyesha kabla sijamwomba. Ukipewa jina la kampuni, nenda ukalihakiki kwao.

Jambo lililonifanya nikae chini niandike haya ni shimo la maji taka.

Mchanga wa huku ukiwa na unyevu unasimama vizuri, unakatika wima kama umekatwa kwa kisu, na mtu anaweza kudhani uko salama. Jua likiupiga ukakauka, au lori likipita karibu, unaachia wote kwa mara moja. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Kijana aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kuvuta pumzi hata kama kichwa kiko nje. Watu wanapoteza maisha kwenye mashimo ya kawaida kabisa ya vyoo na visima, na mwenye nyumba anabaki na msiba uani kwake.

Kina kilipokaribia kiuno cha mtu mrefu, huyu mkandarasi alisimamisha kazi na kuwatoa vijana wote. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama, kuanzia hapa haingii mtu bila mbao."

Wakashusha mabanzi pande zote, wakayabana kwa mirunda iliyokatwa kwa kipimo na kugongewa kabari, ngazi ikakaa ndani muda wote. Mchanga uliotoka ulirundikwa mbali na ukingo, zaidi ya nusu mita, na kila asubuhi alizunguka mwenyewe kukagua kabla mtu hajashuka. Jioni walifunika kwa mabati na kuzungushia kamba, maana mtaani kuna watoto. Kila kijana alikuwa na buti na kofia ngumu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, lakini kwenye viwanja vyetu vya watu binafsi ni nadra kuona mtu akiifuata bila kusimamiwa. Vijana wale ni watoto wa wenzetu. Kwa hili peke yake ningelipa ile theluthi tena.

Pia alinishauri kitu ambacho ramani ya fundi wangu wa nyumba haikuwa nacho. Kabla ya kufika kina kilichochorwa alichimba kishimo kidogo pembeni, akakiacha usiku kucha, asubuhi tukakuta maji chini. Huku karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, na masika yanapanda zaidi. Akasema shimo kama hili, ambalo maji yake hunywea ardhini, likienda chini sana litajaa kutoka chini badala ya kunyonya, bora lipanuliwe na liwe fupi. Tukampigia fundi, wakaelewana. Liko zaidi ya mita 30 kutoka kisima cha jirani.

Mitaro ya maji machafu niliifuatilia kwa macho yangu. Mwinamo walipima kwa mpira wa maji, ule mwangavu, kutoka chemba (kishimo cha kukagulia mabomba) hadi chemba: kila mita moja bomba linashuka sentimita mbili na nusu. Kabla ya kufukia walijaza maji kwenye mabomba yakalala humo, kisha wakafukia kwa tabaka, kumwagia maji na kushindilia. Masika yamepita na hakuna palipotitia, hata pale gari linapoegeshwa.

Sasa yale mawili. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia sehemu ya juu ya shimo, kilichelewa sana kwa sababu kilikuwa kwenye kazi ya mtu mwingine, na taarifa niliipata mimi kwa kupiga simu, yeye hakunipigia. Vibarua wangu wa tofali nilishawaita, nikawalipa wakiwa wamekaa. La pili ni kifusi. Mchanga uliobaki waliuacha nusu kwenye njia ya jirani, nami nikadhani kuuondoa ni sehemu ya kazi, yeye akasema kazi yake inaishia kwenye kushindilia. Mwishowe alileta tipa tukachangia gharama, lakini jirani alishanuna.

Malipo tuligawa: sehemu ya kuanzia, sehemu shimo lilipokamilika, na iliyobaki baada ya mabomba kujaribiwa kwa maji. Hakudai senti kabla ya wakati wake, na kila hatua aliniachia picha za mtaro ukiwa wazi na utepe wa kupimia umelazwa kando ya bomba. Hizo picha nimezihifadhi pamoja na hati ya kiwanja.

Mtaro wa waya wa umeme wa kwenda nyumba ya uani nitampa yeye tena. Safari hii siku ya kijiko kufika na nani anaondoa kifusi vitaandikwa kwenye karatasi ileile ya bei.