Mashine ya kusaga inayouzwa ikiwa kazini: tathmini kwa mnunuzi mgeni

Matangazo ya mashine za kusaga nafaka hayaishi Tanzania, na karibu yote husema mashine ipo kazini, wateja wapo, mwenyewe anahama. Kinachouzwa kwa kawaida ni kinu cha kukoboa, mashine ya kusaga, mota zake, mzani, banda la kupanga na mazoea ya wateja wa mtaa. Kwa anayenunua biashara kwa mara ya kwanza, tunaipa nafasi ya juu kuliko duka la rejareja. Mauzo ya duka yapo kwenye daftari la muuzaji tu, na daftari linaweza kuandikwa usiku mmoja. Mashine ya umeme haisagi kilo hata moja bila kula uniti, na uniti zimenunuliwa kwa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika.

Kabla ya kuzungumza bei, omba risiti za LUKU za miezi 12, au ujumbe wa simu wa kila manunuzi. Kama hazipo, muuzaji aende nawe ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, na namba ya mita mkaulizie kumbukumbu. Hesabu uniti, usihesabu pesa, kwa sababu kwenye malipo ya LUKU hukatwa pia kodi ya jengo na madeni ya mita. Miezi mitatu haitoshi. Baada ya mavuno watu wana mahindi yao ndani na foleni huwa ndefu; ghala likiisha, wengi hununua unga wa dukani kilo moja moja. Anayekuonyesha Julai na Agosti peke yake anakuuzia msimu, hakuuzii mwaka.

Halafu fanya jaribio. Pima kilo 100 za mahindi makavu kwa mzani wako, soma mita, koboa, soma tena, saga, soma mara ya mwisho. Rudia kwa dona, ambayo haikobolewi. Tuseme kukoboa kumekula uniti 3 na kusaga 5, jumla 8, na bei ya pale kwa kazi zote mbili ni shilingi 150 kwa kilo. Muuzaji anasema anaingiza milioni 2 kwa mwezi. Hiyo ni kilo 13,333, na mashine yake ingehitaji uniti kama 1,067. Risiti zikionyesha 640, basi kazi halisi ni kilo 8,000 na mapato ni milioni 1.2. Umeme wenyewe, kwa shilingi 356 kwa uniti, ni shilingi 227,840. Ondoa pango, mshahara wa msagaji na vipuri, ndipo ujue unanunua nini. Angalia pia kama kuna saluni au fundi wa kuchomelea aliyeunganishwa kwenye mita hiyo hiyo. Uniti zake zitafanya mashine ionekane ina kazi kuliko ilivyo.

Swali linalosahaulika zaidi ni la mita. Mota kubwa hutaka umeme wa fezi tatu, na mara nyingi mita ni ya mwenye banda. Ukinunua mashine bila kukubaliana na mwenye banda, anaweza kupandisha kodi wiki ya pili, nawe huna pa kuipeleka mashine bila kulipia laini mpya. Mkataba wa pango uandikwe kwa jina lako, wa mwaka mmoja au zaidi, utaje namba ya mita, na usainiwe kabla muuzaji hajapokea hela.

Sasa mitambo. Soma bati la mota. Ya kilowati 15 ikiwa na mzigo kamili hula kama ampia 28 kwa kila fezi. Mwite fundi umeme aje na klampu mita, kipimo cha ampia kinachobanwa kwenye waya, apime fezi zote tatu wakati mahindi yanashuka. Fezi moja ikipishana sana na wenzake, kuna kiungo kilicholegea, au mota ilisukwa upya vibaya. Kusukwa upya kwenyewe si kasoro ya kukataa mashine. Fundi hodari huirudisha mota vizuri. Kinachotisha zaidi ni stata, kifaa cha kuwashia mota, ambayo rilei yake ya kukata umeme mzigo ukizidi imerukwa kwa kipande cha waya. Wanafanya hivyo ili mashine isizimike zimike. Siku fezi moja ikipotea, mota inaendelea kunguruma kwa fezi mbili, inachemka na kuungua ndani ya dakika chache. Banda lenye waya huo hata mota yake ikiwa nzima leo, ihesabu kama itaungua.

Fungua mashine ya kusaga utazame nyundo, vile vyuma vinavyozunguka na kupiga nafaka. Nyundo bapa yenye matundu mawili ina kona nne za kutumia, kwa hiyo hugeuzwa kabla ya kutupwa. Zikiwa mviringo kona zote, unga hutoka wa moto, kazi inachelewa na uniti zinapanda. Zinabadilishwa kwa jozi zinazotazamana, zenye uzito sawa. Ukibadilisha moja tu, rota inayumba, na mtikisiko huo unaua beringi. Chekeche ya unga wa ugali huwa na matundu ya milimita 0.8 au 1. Imulike kwa tochi kutoka ndani: ikichanika hata padogo, chenga zinapita na wateja wanahamia kwa jirani bila kukuambia. Shika shafti mashine ikiwa imezimwa na umeme umekatwa, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Mikanda isiyolingana urefu huteleza kwenye puli na kunuka mpira.

Mashine za injini ya dizeli tunazipa alama ndogo, isipokuwa kijijini ambako umeme haujafika. Hakuna mita, na risiti za mafuta hazikuambii yaliishia kwenye injini ipi. Ikitoa moshi wa bluu baada ya kupata moto, inachoma oili, na bei lazima ishuke.

Karatasi ni kazi fupi ukizifuata kwa mpangilio. Leseni ya biashara ya halmashauri imetoka kwa jina la muuzaji, na TIN yake ni yake. Usikubali kuendesha kwa karatasi zake. Chukua TIN yako TRA, kisha leseni yako. Kama pana jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, badilisha umiliki huko au sajili jina jipya. Kama muuzaji anafungasha sembe kwenye mifuko yenye nembo, ulizia vibali vya TBS, Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kuichukua kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Nenda pia ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama mashine imewekwa dhamana ya mkopo. Barua za wakopaji wengi hupitia pale. Mke au mume wa muuzaji asaini mkataba kama shahidi, ili asitokee mwezi wa tatu akidai mashine ni ya familia.

Msagaji ndiye anayejua mteja gani anataka unga laini na nani hukopa, kwa hiyo mbakize. Lakini muuzaji amlipe stahiki zake kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa kazi baada ya kutimiza mwaka kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10. Madai hayo yakiachwa bila kuandikwa, yatakujia wewe.

Bei tunayoona ya haki haizidi faida halisi ya miezi 24, ile uliyoipata kwa uniti, na ipungue kwa gharama ya vipuri vilivyochoka. Usilipe chochote kwa ajili ya jina. Mteja wa mashine huenda karibu na nyumbani na palipo na unga mzuri. Bakiza robo ya malipo kwa siku 30, iandikwe kwenye mkataba.

Baada ya makabidhiano, jaribio la kilo 100 linageuka kuwa usimamizi. Msagaji aandike kilo kila mteja anapopima, na mita isomwe asubuhi na jioni. Kama ulianza na uniti 8 kwa kilo 100 na sasa ni 10, kwanza geuza nyundo na kaza mikanda, kisha pima tena. Ikibaki 10 na nyundo ni mpya, linganisha daftari na pumba: mahindi yaliyokobolewa hubakiza pumba zake, na pumba zikiwa nyingi kuliko zinazoweza kutoka kwenye kilo zilizoandikwa, kuna wateja ambao hawakuingizwa.