Huduma ya vikoa Mtwara mjini: naridhika nayo, isipokuwa fomu

Kwa miezi minane sasa, kikoa (jina la kwenye intaneti) cha nyumba ya wageni ninayoisimamia Mikindani kinahudumiwa na ofisi moja ndogo ya Mtwara mjini, na kwa jumla naridhika nayo. Bei inalipika, simu hupokelewa, na kijana wa kaunta humweleza mteja mambo bila kumdharau. Lawama yangu iko kwenye fomu ya kuongezea rekodi, yaani maelezo ya kikoa kama vile anwani ya seva ya tovuti.

Fomu hiyo inamtaka mteja achague klasi ya rekodi: IN, CH au HS. Tulipohamishia tovuti kwenye seva mpya, nilibonyeza CH kwa bahati mbaya, na fomu ikapokea kimya kimya. Kwa siku mbili wageni waliendelea kupelekwa kwenye anwani ya zamani, kwa sababu seva ya majina (kompyuta inayojibu kikoa kiko kwenye anwani ipi), ilipokuta rekodi ya CH ndani ya zoni, yaani faili la rekodi za kikoa, ya IN, ilikataa faili zima na kuendelea kutoa nakala iliyokuwa nayo awali.

Nilipokwenda kulalamika, kijana alinifafanulia vizuri kuliko nilivyotarajia. Aina ya rekodi, kama A (anwani ya seva) au MX (seva ya barua pepe), husema rekodi imebeba nini. Klasi husema ni ya mfumo upi. Waraka wa RFC 1035, unaoweka kanuni za mfumo wa majina ya vikoa, wa Novemba 1987, uliipa IN, yaani intaneti, namba 1. CH ikapewa 3 kwa ajili ya Chaosnet, mtandao uliobuniwa chuo cha MIT, Marekani. HS ikapewa 4 kwa ajili ya Hesiod, mfumo wa kutoa taarifa za watumiaji na huduma, nao wa MIT. Namba 2, CS, ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati siku waraka ulipotoka.

Kisha akanigeuzia skrini, akauliza jina version.bind katika klasi ya CH, na seva yao ikataja toleo la programu yake. Hiyo ndiyo kazi CH iliyobakiwa nayo zaidi leo. (Nilimwambia jibu hilo nalo wangelificha, akacheka.) Sasa mwenye nyumba ya wageni anapewaje menyu ya namna hiyo, ilhali rekodi zake zote ni za IN? Fomu ingejaza IN yenyewe.

Mpaka naandika, menyu haijabadilishwa. Anayehamia kwao atazame klasi kabla ya kuhifadhi, kisha ahakikishe namba ya toleo la zoni imepanda kwenye seva yenyewe.